Mbuzi Aliyegawanywa na Simu

Mjukuu wangu wa kike alipopata nafasi ya kusoma programu za kompyuta katika chuo kimoja cha Moshi mjini, nilitangaza Mwika nzima kwamba anakwenda kujifunza kutengeneza. Kutengeneza nini, sikusema, kwa sababu sikujua. Mimi niliishia kidato cha nne, na miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza nikipima kahawa ya wakulima kwenye chama cha ushirika. Kompyuta niliyowahi kuiona kwa karibu ilikuwa ya karani wetu mmoja, ambaye aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuiwekea ua la plastiki juu. Kwangu mimi kilikuwa kifaa cha umeme. Kifaa cha umeme huharibika, na kikiharibika anatafutwa fundi.

Kwa hiyo aliporudi likizo ya kwanza alikuta baraza limejaa. Majirani walikuwa wameleta redio zao, televisheni yenye mgongo mkubwa, pasi, na feni ambayo panya alikuwa amezalia ndani. Mzee mmoja alileta saa ya ukutani. Nilikuwa nimevipanga vizuri, vikubwa nyuma, vidogo mbele.

Aliweka begi chini. "Shikamoo babu. Hivi vitu ni vya nani?"

"Marahaba. Vya wateja wako."

"Babu, mimi sitengenezi redio."

"Basi anza na pasi."

"Wala pasi."

"Sasa miezi yote hiyo mmekuwa mkifanya nini huko? Mnaiangalia kompyuta, nayo inawaangalia?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya televisheni ya watu. Kisha akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto wa chekechea. Kompyuta, alisema, haijui kitu. Wao kazi yao ni kuiandikia maelekezo, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. "Na ukiielekeza vibaya, babu, inafanya kosa lako kwa bidii sana."

Niliwaambia majirani waje kuchukua vitu vyao. Mwenye feni aliondoka akisema mjukuu wangu ameanza maringo.

Mimi pia sikuridhika. Mjini nilikuwa nimeona vibanda vya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye simu, nikadhani huo ndio mwisho wa masomo yake. Siku moja akimenya ndizi za mtori nilimuuliza waziwazi atakuwa nani. Akasema njia ni nyingi. Kuna anayeandika programu za benki na za hospitali. Kuna anayezilinda wezi wasiingie. Kuna anayelipwa kuiharibu programu makusudi, kabla haijawafikia watu, ili ijulikane itavunjikia wapi. Na kuna anayekwenda kukaa na wenye kazi yao, akawauliza wanaifanyaje, ndipo waandishi waandike.

"Mimi nataka hiyo ya mwisho," alisema.

"Ya kuuliza maswali?"

"Ndiyo."

"Na unalipwa?"

"Vizuri tu."

"Basi marehemu bibi yako alikufa maskini bila sababu."

Alinirushia ganda la ndizi. Tulikuwa tukiishi hivyo, mimi na yeye, na ndiyo maana nikipima uzito wa nililomfanyia baadaye, naona mizani inagoma.

Mwaka wake wa mwisho chuo kiliwataka kila mmoja atafute kazi halisi ya watu halisi na kuiandikia programu. Wenzake walikimbilia maduka ya dawa na mahudhurio ya wanafunzi. Mwalimu wao alikuwa amechoka na maduka ya dawa. Mjukuu wangu akapanda hadi Mwika, akakaa kwenye benchi la jikoni, akasema anataka kuandika programu ya kugawa mbuzi.

Nilidhani ananitania, lakini hakuwa na utani. Kwetu Uchagani mbuzi hachinjwi akaliwa hivi hivi. Kila kiungo kina mwenyewe, na kila ukoo una utaratibu wake: shingo ya nani, mbavu za nani, ulimi unakwenda wapi, na kama mwenye haki hayupo, nani anasimama badala yake. Ukikosea unaweza kuvunja undugu kwa kipande cha nyama ambacho paka angekimaliza mara moja. Katika ukoo wetu mgawaji nilikuwa mimi, na utaratibu wote ulikuwa kichwani mwangu.

"Ukiondoka, babu, nani atagawa?" aliniuliza. "Baba zangu wadogo wa Dar wanajua nyama choma tu."

"Niondoke niende wapi?"

"Babu."

"Niko hapa hapa."

Alisubiri. Ana tabia hiyo ya kusubiri. Mwishowe nikasema haya, uliza.

Akawa anauliza, mimi najibu, yeye anaandika. Shingo? Mbavu? Mguu wa mbele? Nilijibu kwa uaminifu, tena kwa fahari, nikieleza na sababu zake. Ndipo akauliza, "Kidari?"

Hapa inabidi nieleze. Katika ukoo wetu kidari, ile nyama ya kifua yenye mafuta yake, ni cha binti mkubwa wa nyumba, hata akiwa ameolewa mbali. Wazee walikuwa na sababu. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kilirithiwa na mwana wa kiume. Binti hakupata ardhi. Alipata kidari. Binti huyo mkubwa ni dada yangu, aliyeolewa upande wa Marangu, mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wangu na ulimi mkali kuliko kisu changu. Tangu baba yetu afariki, ni mimi niliyekuwa nikikata kidari kila sikukuu, nikikinusa, na kumkabidhi. Kukabidhi kitu unachokipenda ni kazi. Kukikabidhi sikukuu baada ya sikukuu, huku mpokeaji akikwambia mwaka huu umekikata kidogo, ni kazi isiyo na pensheni.

"Kidari ni cha mwenye nyumba," nilijibu.

"Mwenye nyumba ndiyo wewe?"

"Kwa sasa."

Akaandika. Mbingu haikuanguka. Kuku walikuwa wakiparua kama kawaida, na mimi nikaona kumbe ni rahisi hivi. Nikanogewa. Nikaongeza kwamba anayefika baada ya kisusio, ile supu yetu ya damu, kumalizika, yeye hupewa kwato.

"Kweli, babu? Sijawahi kusikia."

"Mila nyingi zimesahaulika," nilisema kwa huzuni.

Akaliandika na hilo. Alasiri ile nilitunga mila kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu.

Krismasi watoto walirudi nyumbani, magari yakabanana mpaka kwenye migomba. Mbuzi alichinjwa, kisusio kikanywewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Nikasimama nikatangaza kwamba mwaka huu mimi nimepumzika, anayegawa ni simu. Vijana walipiga makofi. Wazee walinitazama kama nimesema misa itaongozwa na jogoo.

Mjukuu wangu aliingiza majina ya waliokuwepo, akasubiri kidogo, akaanza kusoma. Shingo ikaenda panapostahili. Mbavu vilevile. Mzee mmoja aliyekuwa amenuna akakubali kwamba simu ina adabu. Mwanangu mdogo wa Dar, aliyechelewa kwa sababu ya foleni za barabarani, akatangaziwa kwato, na watu wote wakalipuka: "Kwato! Kwato!" Alizipokea kwa heshima, maskini, akaniuliza huliwaje.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, jani la mgomba liko tayari mapajani.

"Kidari," mjukuu wangu alisoma, "babu."

Kelele zikakatika.

"Soma tena, mama," dada alisema kwa sauti ya chini.

Akasoma tena. Simu haikuwa imebadili mawazo.

"Nani ameiambia hivyo?"

Mjukuu wangu akanitazama. Watu wote wakamfuata kwa macho mpaka kwangu. Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, pana kabisa, mtu angeweza kupitisha lori. Nikasema, "Kompyuta haikosei."

Dada alikunja lile jani la mgomba polepole, mara moja, mara ya pili. "Kwa hiyo mtoto amepelekwa chuo akajifunze kuninyang'anya," alisema. "Baba hakuniachia mgomba hata mmoja hapa. Aliniachia kidari. Leo nacho kimechukuliwa na simu." Akainuka. Akaletewa mbavu, akakataa. Akaletewa ini, akakataa. Akaenda zake bila kubeba hata mfupa, na kwetu mtu wa damu akitoka kwenye sikukuu mikono mitupu, waliobaki hawali kwa amani. Mzee mmoja akasema programu hiyo ifutwe na isitajwe tena hapa. Wengine wakaitikia. Mjukuu wangu alikwenda nyuma ya jiko, nikamsikia akilia.

Nami nilikula kile kidari. Ungependa niseme kilinikwama kooni. Hakikunikwama. Kilikuwa kitamu, kilipita vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Sikuwa nimejua nimegusa nini. Nilijua siku mbili tatu baadaye, aliponieleza. Chuo kilitaka wale walioandikiwa programu waikubali. Wakiikataa, mradi umeanguka. Ataurudia, wenzake watahitimu yeye akibaki. Na kulikuwa na kampuni ndogo mjini iliyomwahidi kazi, ile ile aliyoitaka ya kuuliza maswali, ilimradi amalize kwa wakati. Sasa programu yake ilikuwa imekataliwa na ukoo wake mwenyewe.

Likizo yote iliyobaki aliitumia mezani, akitafuta kosa. Alipitia maandishi yake mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nikimpelekea chai.

"Umelipata?" namuuliza.

"Bado, babu. Asante kwa chai."

Nilikuwa nikirudi jikoni na sinia langu kama mtumishi mwema. Kumpelekea mtu chai ili apate nguvu ya kutafuta kitu ulichokificha wewe, sijui dhambi hiyo inaitwaje, lakini nadhani ina jina.

Mwishowe alifunga kompyuta. "Hakuna kosa, babu. Imefanya vile ulivyosema."

"Labda ulisikia vibaya," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alijua wakati ule ule. "Inawezekana," alijibu. "Nitawaambia walimu nilisikia vibaya. Mwalimu wetu husema mkikosa kuelewana, lawama ni ya anayeuliza." Akafunga begi, akashuka kwenye chumba chake cha kupanga huko Majengo, mjini. Hakuchukua ndizi nilizomfungia.

Zile ndizi zilikaa barazani zikaiva. Zilipoanza kuita inzi, nilikwenda mpakani mwa shamba nikakata jani la isale. Mchagga aliyekosa hulichukua jani hilo na kumwendea aliyemkosea, na aliyekosewa hawezi kumfukuza mwenye jani mkononi. Sikuwa na uhakika kama dada yangu analijua sharti hilo la mwisho.

Nilimkuta uani akipepeta maharage. Hakuinua uso.

"Naona jani linatembea. Nani amelibeba?"

"Ni mimi. Shikamoo dada."

"Marahaba. Simu yako iko wapi ikusemee?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kidari kiko wapi?"

"Nilikula."

"Kilikuwaje?"

Nikafikiri kudanganya, nikaona nimechoka. "Kitamu."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Angalau hapo umesema kweli. Unadhani sikujua? Simu haina meno. Mimi siku ile nilimtafuta mwenye meno."

"Sasa kama ulijua, kwa nini ukamlaumu mtoto?"

"Nilikuwa nakupa nafasi umtetee, we meku, mzee mzima. Ukakaa kimya kama gunia la pumba."

Akapokea jani, akalichomeka kwenye upenyo wa ukuta, akaendelea kupepeta. "Langu limekwisha," alisema. "Lakini hukunikosea mimi peke yangu. Yule mtoto ulimdanganya akiwa kazini. Haya uliyoniambia mimi utayasema chuoni kwake, mbele ya walimu wake, mimi nikiwa nimekaa nasikiliza."

"Dada, walimu wenyewe ni watoto wadogo."

"Vizuri. Watakukumbuka kwa muda mrefu."

Siku ya kuutetea mradi tuliteremka pamoja, yeye akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika Kiboriloni alitaka tushuke sokoni anunue viatu. Alisema hawezi kwenda kushuhudia aibu yangu na viatu vya shambani. Alibishana na muuza viatu kwa muda mrefu hivi kwamba nilianza kutumaini tumechelewa. Hatukuchelewa.

Tulikaa nyuma ya darasa. Mjukuu wangu alipotuona aliacha sentensi katikati, kisha akaiokota akaendelea. Mbele yake walikaa walimu, na aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mwanamke mmoja mwenye miwani, wa umri wa mwanangu wa mwisho. Programu ilionyeshwa ukutani. Mbuzi alichorwa, viungo vikawekewa rangi, nikajisikia fahari nisiyostahili.

"Umeandika hapa kwamba siku ya majaribio watumiaji waliikataa," alisema mwenye miwani. "Kwa nini?"

"Nilisikia vibaya maelezo, mwalimu. Kosa ni langu."

Kiatu kipya cha dada yangu kilinipiga kwenye kifundo cha mguu. Nikasimama.

"Samahani walimu. Hakusikia vibaya. Alisikia vizuri sana. Mimi ndiye niliyemdanganya, kwa sababu nilitaka kidari."

Mwanafunzi mmoja alishindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakamfuata. Nikasubiri watulie. Nikaona nikiwa nimeshasimama, nimalize kabisa. "Na yale ya kwato nilitunga."

"Kwato?" Mjukuu wangu alisahau walimu, akasahau mtihani. "Babu! Baba mdogo alizila zile kwato!"

"Aliniambia zimeiva vizuri."

Hata walimu walicheka sasa, isipokuwa yule mwenye miwani. Alinishukuru kwa heshima, akaniomba nikae, kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Wateja wa namna hii utakutana nao katika kazi yako yote. Ungefanya nini?"

"Nilimuuliza anayegawa peke yake," alijibu. "Nilipaswa kuwauliza na wanaogawiwa. Nimeshabadilisha. Sasa programu haikubali utaratibu wowote mpaka wazee wawili wa pande tofauti wauthibitishe."

"Vizuri. Lakini mwanzoni, kwa nini hukufanya hivyo? Tuliwafundisha."

"Kwa sababu ni babu yangu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenye miwani aliandika kitu. Dada yangu, aliyekuwa ameandaa kiatu kwa ajili yangu tena, alikirudisha chini.

Walimwita dada yangu mbele kama mtumiaji. Akaulizwa kama anaikubali programu. Akataka kwanza isomwe kwenye kidari. Ikasomwa jina lake. Akataka isomwe tena kwa sauti, ili walio nyuma wasikie. Ndipo akasema anaikubali, na kwamba ina akili kuliko baadhi ya watu aliozaliwa nao.

Mjukuu wangu alifaulu. Alihitimu na wenzake na ile kampuni ikamchukua. Lakini walimkata alama kwa kuamini chanzo kimoja bila kuhakikisha, naye alikuwa akiwania kuwa wa kwanza darasani. Akawa wa pili. Alinieleza hayo kwa kifupi, bila kunilaumu, akabadilisha mazungumzo. Dada nilimpelekea jani, akanisamehe. Alama zile hakuna jani la kuzirudisha.

Kazini, nasikia, wanamsifu. Anatumwa kwenye ghala, kwenye zahanati, kwenye shule, anakaa na mkubwa wa hapo, anamsikiliza vizuri na kuandika yote. Kisha anakwenda kuwauliza walio chini yake mambo yale yale. Kisha anarudi kwa mkubwa. Wakubwa wengine hawampendi. Mimi nawaelewa.

Juzi alinipigia simu kuuliza kama huku juu mvua imenyesha, maana alitaka kuja Jumamosi tupande maharage. Nikamwambia imenyesha, tena ya kutosha, aje na viatu vya mpira. Akanishukuru. Haukupita muda dada yangu naye akapiga, sauti imejaa kicheko.

"Mjukuu wako ameniuliza kama kwenu kumenyesha."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia kwangu imenyesha. Kwako, aje ajionee."

"Lakini imenyesha, dada! Nina matope mpaka magotini!"

"Mimi nakuamini," alisema. "Ila mimi siandiki programu."